Hudaa, Mchakamchaka na Spika: Wimbo wa Mwenye Kutoka Jasho katika Historia na Fiqhi

 

Mwenye kukaa Babati mjini, Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri, huwasikia wakimbiaji kabla hajawaona. Wanatoka makundi makundi kuelekea njia ya Singida au ya Bonga, vijana kwa wazee, fulana za rangi moja, na mbele yao gari lililobeba spika mbili kubwa. Jambo hili si la Babati peke yake. Dar es Salaam klabu za jogingi zimekuwapo kwa miaka mingi, na tangu mwishoni mwa mwaka 2016, pale Bi Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipowahimiza wananchi wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi ili kujikinga na maradhi yasiyoambukiza, hata miji ya mbali na pwani imeingia katika shauri hilo. Na maradhi yenyewe hayachagui dini. Kisukari na shinikizo la damu vimo majumbani mwetu, na wapo wazee wa safu ya kwanza msikitini walioambiwa na daktari kuwa dawa yao ya kwanza ni miguu yao.

Basi suala likaja, na halina budi kuja: je, yafaa kufanya mazoezi huku mtu anasikiliza nyimbo na muziki?

Majibu yanayosikika zaidi ni mawili, na yote ni ya haraka. Mmoja husema muziki ni haramu, basi kaa nyumbani. Huyu amemrudisha mgonjwa kitini kwake, na kijana amemfukuza asimjibu. Mwingine husema dini ni nyepesi, ile ni michezo tu, msitushughulishe. Huyu naye amemwacha kijana kama alivyomkuta. Sisi tunaona kwamba wote wawili wameruka mlango mzima wa elimu, mlango ambao wanazuoni waliujua kwa jina lake na wakauandikia hukumu yake: nao ni mlango wa hudaa na rajaz, yaani wimbo wa mwenye safari na wimbo wa mwenye kazi nzito. Tutaufungua mlango huo kwa historia kwanza, kisha tuje kwenye hukumu.

Tuanze na Madina, mwaka wa 5 Hijria, wakati wa kuchimba handaki. Ilikuwa baridi, na njaa, na adui yuko njiani. Masahaba wanachimba na kubeba udongo migongoni, na Mtume (s.a.w.) yumo pamoja nao, vumbi limefunika ngozi ya tumbo lake. Al-Baraa bin Azib (r.a.) amepokea, na hadithi yake imo katika Sahih al-Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiyasema maneno ya rajaz ya Abdullah bin Rawaha huku anabeba udongo, na alipofika neno la mwisho alikuwa akiinua sauti yake na kulivuta. Na katika upokezi wa Anas (r.a.) Muhajirina na Ansari walikuwa wakisema ubeti wao, naye Mtume (s.a.w.) akiwajibu kwa dua. Msomaji atazame vizuri namna ya jambo lenyewe. Kuna anayetoa na kuna wanaopokea. Kuna neno la mwisho linalovutwa kwa pamoja. Kuna kazi ya mwili inayoendelea wakati huo huo, na sauti inaifuata kazi. Yeyote aliyepita shule ya msingi Tanzania ataitambua namna hii mara moja, na tutaifikia.

Kabla ya handaki palikuwa na ujenzi wa Msikiti wa Mtume, nako vile vile matofali yalibebwa kwa rajaz. Na baada ya handaki palikuwa na safari ya Khaybar, mwaka wa 7. Usiku ule watu walimwomba Amir bin al-Akwa' (r.a.), ambaye alikuwa mshairi, awasikilizishe kitu, akateremka akaanza kuwaendesha ngamia kwa hudaa. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani huyu anayeendesha, akaambiwa ni Amir, akamwombea rehema. Masahaba walifahamu kutokana na dua ile kuwa Amir atakufa shahidi, na ndivyo ilivyokuwa Khaybar, upanga wake mwenyewe ulipomrudia. Wimbo wa safari ulisikiwa na Mtume (s.a.w.), na aliyeuimba hakukemewa, bali aliombewa.

Lakini ipo hadithi ya nne, nayo kwa mas-ala yetu ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Katika safari moja Anjasha, mtumishi wa Kihabeshi mwenye sauti nzuri, alikuwa akiwaendesha ngamia waliowabeba wanawake. Ngamia wakasikia sauti yake wakaongeza mwendo. Mtume (s.a.w.) akamwambia Anjasha afanye taratibu, awahurumie wale aliowafananisha na vyombo vya kioo, yaani wanawake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Washereheshaji wamekuja na fasiri mbili. Wako waliosema hofu ilikuwa juu ya miili, kwamba ngamia akikimbia kwa kasi mpandaji huumia au huanguka. Na wako waliosema hofu ilikuwa juu ya nyoyo, kwamba sauti nzuri ya mwanamume isije ikawaingia. Fasiri zote mbili zinakubali jambo moja, nalo ni kuwa wimbo wa mwendo una nguvu ya kweli juu ya viumbe, na kwa hiyo una mpaka. Hakuambiwa Anjasha anyamaze. Aliambiwa apunguze.

Hapa pana jambo dogo tulilolitambua tulipokuwa tukizipanga hadithi hizi, na hatujui kama wengine wamelizingatia. Mbio zenyewe nazo zimepokewa. Bi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini, akamshinda, kisha siku nyingine, alipokuwa amenenepa, Mtume (s.a.w.) akamshinda yeye, akamwambia kuwa hii ni kwa ile. Imo katika Abu Dawud. Na Salama bin al-Akwa' (r.a.), ambaye Amir tuliyemtaja ni ami yake, alikimbia na mtu mmoja katika Ansari aliyekuwa hashindiki, walipokuwa wanarudi Madina, naye aliomba ruhusa ya Mtume (s.a.w.) kwanza. Imo katika Muslim. Katika mapokezi haya ya mashindano hakutajwa wimbo wowote. Wimbo umetajwa kwenye udongo, kwenye matofali, na kwenye safari ndefu ya usiku. Na hilo ni sawa na maumbile: mwenye kukimbia kwa nguvu zake zote hana pumzi ya kuimba wala sikio la kusikiliza, ila mwenye kazi ndefu ya kurudia rudia ndiye anayehitaji kitu cha kumsahaulisha uchovu.

Kuhusu kusahau huku uchovu, Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) ameleta kisa katika Ihya, kwenye kitabu cha adabu za kusikiliza. Si hadithi ya Mtume, ni hikaya, na inachukuliwa kwa kadiri hiyo. Amemnukuu Abu Bakr al-Dinawari, aliyekuwa safarini jangwani akakaribishwa na kabila moja la Waarabu. Hemani akamwona mtumwa amefungwa, na mbele ya nyumba ngamia waliokufa. Mtumwa akamwomba amwombee kwa bwana wake. Mgeni akakataa kula mpaka mtumwa asamehewe. Mwenyeji akasema: mtumwa huyu amenifukarisha. Alikuwa na sauti nzuri, akawapakia ngamia hawa mizigo mizito, akawaimbia hudaa mpaka wakakata safari ya siku tatu kwa usiku mmoja, na mizigo ilipoteremshwa wakafa wote isipokuwa mmoja.

Al-Ghazali amekileta kisa hiki kuonyesha athari ya sauti. Sisi tunakisoma pia kwa jicho la mwalimu wa mazoezi. Ngamia wale hawakuongezewa nguvu. Waliondolewa habari ya kuchoka. Mwili ulikuwa unasema basi, na sikio halikuipata habari. Na watafiti wa zama zetu wamefika karibu na hapo hapo. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, ambaye ameishughulikia mas-ala hii kwa miaka mingi, ameona kuwa mahadhi humpunguzia mtu hisia ya uchovu anapofanya mazoezi ya wastani, lakini juhudi inapofika ukomo sauti ya mwili hushinda sauti ya nje. Mwanariadha Haile Gebrselassie wa Ethiopia, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2000 za ndani ya ukumbi huko Birmingham mwezi Februari 1998, alikuwa ameomba wimbo fulani upigwe kwenye spika za uwanja, kwa sababu mapigo yake yalilingana na hatua zake. Ndiyo maana kanuni za riadha za kimataifa zinamkataza mshindani kuwa na redio au simu ndani ya eneo la mashindano: wenye mchezo wenyewe wanaihesabu kuwa ni msaada. Basi asiseme mtu kuwa muziki wa mazoezi ni kelele tu isiyo na athari. Ina athari, na kwa sababu ina athari imekuwa na hukumu.

(Na wakimbiaji wa nyanda zetu hizi, John Stephen Akhwari wa Mbulu aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 na goti lililofungwa bandeji, na Filbert Bayi wa Karatu aliyevunja rekodi ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, hawakuwa na chochote masikioni. Tunalitaja kwa faida tu.)

Sasa tuje nchini kwetu, kwani hudaa si ya ngamia peke yao. Karne ya 19 mizigo ya Afrika Mashariki ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Mpagazi alibeba frasila mbili au karibu yake, kiasi cha kilo 30 na zaidi, kwa miezi. Mbele alikwenda kirangozi na bendera, na ngoma na barghumu, na msafara ukamwitikia kwa nyimbo. Burton aliyepita njia ya kati mwaka 1857 amezieleza kelele hizo kwa mshangao, na kwa dharau yake ya kawaida. Kondoa Irangi, iliyo kusini mwa Babati kwenye barabara hii hii ya Dodoma, ilikuwa kituo cha misafara ya namna hiyo, na ni kwa njia ya misafara ndiyo Uislamu ulitia mizizi Irangi, na kutoka huko jamaa wengi wa misikiti ya Babati wana asili yao. Kwa hiyo tunaposema habari ya wimbo wa mwendo hatusemi habari za watu wa mbali. Dini yenyewe ilitufikia ikiwa katika mwendo wa namna hiyo.

Baharini ilikuwa hivyo hivyo. Mabaharia wa majahazi ya Kuwait na Sur waliokuja Unguja na msimu wa kaskazi hawakutweka tanga bila ya wimbo. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kikuwait la nahodha Ali bin Nasir al-Najdi mpaka Unguja na delta ya Rufiji, ameandika jinsi foromali ilivyopandishwa kwa nyimbo na ngoma. Walikuwa Waislamu wenye kusali jamaa juu ya sitaha, na ndio hao hao waliokuwa wakiimba wakivuta kamba.

Kisha likaja mchakamchaka. Mwalimu au kiranja hutoa, watoto huitikia, na miguu ndiyo ngoma. Lilitokana na mazoezi ya kijeshi, likashika zaidi baada ya kuundwa Jeshi la Kujenga Taifa tarehe 10 Julai 1963, na likaenea mashuleni hata hakuna Mtanzania asiyelijua. Mbio za Mwenge nazo, zilizoanza mwaka 1964, ni za jinsi hiyo: mwendo na wimbo. Watu wa Babati wanakumbuka kilele chake kilivyofanyika hapa katika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa tarehe 14 Oktoba 2023. Ukiliweka mchakamchaka mbele ya mwanachuoni wa fiqhi asiyeijua Tanzania, ukamwambia kuna watu wanakimbia kwa safu, mmoja anatoa na wengine wanaitikia kwa midomo mitupu, hapana zumari wala kinanda, atakwambia: hii ni hudaa.

Na hudaa ina hukumu gani? Hapa tunawaelekeza wanafunzi kwenye kitabu kilicho mikononi mwao, Minhaj al-Talibin cha Imam al-Nawawi (aliyefariki mwaka 676), kwani sisi pwani na bara tumelelewa katika madhehebu ya Imam al-Shafi'i. Wengi huitafuta mas-ala hii wasiione kwa sababu haimo katika mlango wanaoudhania. Imo katika kitabu cha ushahidi, pale anapoelezwa mtu ambaye ushahidi wake unakubaliwa na ambaye haukubaliwi. Na mpangilio wake ni huu kwa maana: hudaa ni mubaha, kuiimba na kuisikiliza. Kuimba kusiko na ala ni makuruhu. Kutumia ala ambazo ni alama ya walevi, kama tanburi, udi, matoazi na zumari ya Kiiraqi, ni haramu, na kuzisikiliza pia. Filimbi ya mchungaji, al-Rafi'i ameihalalisha na al-Nawawi akasema lililo sahihi zaidi ni kuwa haramu. Dufu linajuzu katika harusi na hitani, na hata katika mengineyo kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Mtazame mwanachuoni huyu alivyoipanga: hakuanza na haramu. Ameanza na hudaa, akaipa ubaha wake bila ya sharti la kuchukiza, kisha ndiyo akashuka kwenye kuimba kwa starehe. Ibn Abd al-Barr, mwanachuoni wa Kimaliki, ameutaja wimbo wa wasafiri na hudaa kuwa ni katika vile ambavyo wanazuoni hawakukhitilafiana juu ya kujuzu kwake. Na imepokewa kwa Sayyidna Umar (r.a.), ambaye hakuwa mtu wa kuvumilia upuuzi, kwamba aliuhesabu wimbo kuwa ni katika masurufu ya mpanda mnyama, mfano wa chakula anachokichukua.

Kwa nini hudaa ilipewa daraja yake peke yake? Tunavyofahamu sisi ni kuwa wimbo huu ni mtumishi wa kazi. Unatoka katika kifua cha yule yule anayetoka jasho, unakwenda kwa kadiri ya kazi, na kazi ikisha nao unakwisha. Hakuna aliyekaa akastarehe kwa huo. Mwenye kukaa akaisikiliza hudaa kitini, bila safari wala mzigo, huyo yumo katika mas-ala nyingine.

Yabaki maneno yenyewe. Imam al-Shafi'i amesema kwa maana kuwa shairi ni maneno, zuri lake ni zuri na baya lake ni baya. Ubaha wa hudaa haumfikii mwenye kuimba matusi, na ziko nyimbo za mchakamchaka ambazo mzazi akizisikiliza vizuri atamwita mwalimu. Ziko nyingine ambazo zimepitwa na wakati tu. Nyimbo za kumwombea mabaya Idi Amin, zilizoenea wakati wa vita vya mwaka 1978 na 1979, ziliendelea kuimbwa na watoto ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa wakati wa vita, na Amin mwenyewe alikwisha kufa Jeddah mwaka 2003. Mtoto wa Kiislamu akimbie huku anamsalia Mtume (s.a.w.), au anaisifu nchi yake, au anahesabu, yote haya yana nafasi.

Sasa turudi kwa lile gari na spika zake. Hili si mchakamchaka, ingawa limekaa mahali pake. Wakimbiaji wamenyamaza na chombo ndicho kinachoimba. Kinachotoka humo kwa kawaida ni nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya kumbi za starehe, zenye ala zote alizozitaja al-Nawawi na ambazo hakuzijua, na maneno yake aghalabu ni ya mapenzi au mabaya kuliko hayo. Chombo hakiifuati kazi, bali kazi inakifuata chombo, na mazoezi yakisha muziki unaendelea, watu wakacheza. Kwa hiyo kuuchukua ubaha wa hudaa na kuuvisha jambo hili ni kulipa jina lisilo lake.

Hatufichi kuwa katika ala kuna ikhtilafu. Tegemeo la wengi ni hadithi aliyoileta al-Bukhari katika kitabu cha vinywaji, inayowataja watu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki. Ibn Hazm (aliyefariki mwaka 456) aliitia kasoro katika isnadi yake kwa kuwa al-Bukhari ameileta kwa namna ya taaliki. Ibn al-Salah alimjibu, na Ibn Hajar akaziunganisha isnadi zake katika Taghliq al-Ta'liq kwa namna isiyoacha shaka kubwa. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi (aliyefariki mwaka 2022) alielekea upande wa kuruhusu kwa masharti ya maneno, mazingira na kiasi, na Sheikh Nasir al-Din al-Albani (aliyefariki mwaka 1999) aliandika kitabu kizima kuthibitisha uharamu. Sisi tumo pamoja na jamhuri ya wanazuoni katika uharamu wa ala hizo, na tunaiona hoja ya Ibn Hazm kuwa dhaifu. Lakini tunamtaka imamu anayeizungumza mas-ala hii mimbarini asiseme kuwa hapana aliyekhitalifu, kwani kijana wa leo atarudi nyumbani, atafungua simu yake, ataikuta kauli ya al-Qaradawi, na baada ya hapo hatamwamini imamu yule hata katika yale yenye ijmai.

Ama matari, wenye kuogopa kuyaguswa wakumbuke kuwa mas-ala hii ilikwisha pita pwani yetu. Habib Saleh wa Lamu (aliyefariki mwaka 1935), alipoyaingiza katika maulidi ya Riyadha, wapo wenzake waliompinga sana. Waliobishana walikuwa wanazuoni kwa wanazuoni, na kauli ya Minhaj ilikuwa mbele yao. Klabu ya Waislamu yenye kutaka mdundo inayo njia hapo, kwa dufu tupu na sauti za wakimbiaji wenyewe, na wala haihitaji gari.

Lakini mzee wetu mwenye kisukari anayetembea peke yake kando ya barabara hiyo hiyo, likampita lile gari na kelele zake, afanyeje? Au kijana aliyeajiriwa katika jimu ambayo mwenyewe si Muislamu na muziki haufungwi? Hapa ndipo ilipo hadithi ya Ibn Umar (r.a.). Alisikia zumari ya mchungaji, akaweka vidole masikioni, akaiacha njia ile, na akawa anamuuliza Nafi' aliyekuwa naye: bado unasikia? Nafi' akisema ndiyo, anaendelea, mpaka aliposema hapana ndipo alipoondoa vidole, akasema kuwa alimwona Mtume (s.a.w.) akifanya mfano wa hivyo. Imo katika Abu Dawud, naye mwenyewe ameitia dosari, na wengine baada yake wameisahihisha. Wenye kukataza wameichukua kuwa dalili yao, kwani aliziba masikio. Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728) akaitazama upande wa pili: Nafi' hakuamrishwa kuziba. Alikuwa akisikia, na akaulizwa habari ya kusikia kwake. Kwa hiyo kilicho na hukumu ni kusikiliza, yaani kuikusudia sauti na kuitegea sikio. Ama kusikia, sauti ikamfikia mtu bila ya kukusudia kwake, hakuna dhambi, na kujitenga nayo ni ukamilifu kwa anayeweza.

Kwa tofauti hii mzee wetu atembee zake. Asiyeache mazoezi aliyoamriwa na daktari kwa sababu ya spika ya mtu mwingine, kwani kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia, na sauti ile si mali yake wala si kusudio lake. Kijana wa jimu atafute saa ya utulivu akiipata, na asipoipata asimamie kazi yake na moyo wake uwe mahali pengine. Ila anayejiandikisha katika klabu kwa sababu ya ile spika, akachangia pesa ya kuikodi, huyo ameingia katika kusikiliza kwa mkono wake.

Yamebaki hedifoni, ambayo ilienea zaidi baada ya kampuni ya Sony kutoa chombo cha kaseti cha kutembea nacho mwaka 1979. Hii imeleta jambo ambalo hudaa haikuwa nalo hata siku moja: wimbo wa mtu mmoja asioshirikiana na yeyote. Hukumu ya kinachosikilizwa haibadiliki kwa kuwa kiko sikioni badala ya hewani. Lakini yapo mambo mawili ya ziada. La kwanza ni hatari. Barabara ya Dodoma kwenda Babati ilizinduliwa kwa lami mwaka 2018, na tangu hapo mabasi na malori yanapita hapa kwa mwendo mwingine kabisa. Mwenye kuziba masikio yake akakimbia ukingoni mwa lami alfajiri, amejitia katika lile ambalo Allah (s.w.) ametukataza katika Suratul Baqara aya ya 195, la kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizo. Na anayekimbilia upande wa Ziwa Babati ajue kuwa viboko hurudi majini saa hizo hizo. La pili ni adhana. Mkimbiaji wa alfajiri yuko nje hasa wakati ule ambao mwadhini anasema maneno ambayo hayasemi katika adhana nyingine, na kuitikia adhana ni suna iliyotiliwa mkazo. Asiyeisikia kwa kuwa amejiziba, amejinyima.

Wapo ndugu wanaosema: basi tutasikiliza Qur'an tukikimbia. Nia hii ni njema, lakini isichukuliwe kwa wepesi. Aya ya 204 ya Suratul A'raf imetuamrisha kuisikiliza Qur'an na kunyamaza inaposomwa, na al-Nawawi katika al-Tibyan amesema kuwa kuisoma njiani kunajuzu bila ya karaha iwapo mwenye kusoma hashughuliki na jingine, na akishughulika inakuwa makuruhu. Kwa mtu anayetembea mwendo wa taratibu, moyo wake ukawa na aya, hapana ubaya, bali anayehifadhi atapata faida kubwa ya kurudia juzuu yake. Ama anayenyanyua vyuma huku anahesabu moja mbili tatu, au anapanda mlima Kwaraa huku anahema, na Qur'an inapita masikioni mwake kama mapigo ya kumsukuma, huyu ameitumia Qur'an mahali pa ngoma. Bora kwake darsa, au kasida isiyo na ala, au dhikri ya ulimi wake mwenyewe kwa kadiri ya hatua zake, na hii ya mwisho ndiyo iliyo karibu zaidi na walivyofanya wachimba handaki. Wallahu a'lam.